Idi ya Mwanakheri na Sufuria za Mtaa

"Mwenzangu, na sisi tupikie nini?"

Swali hilo jirani yetu Bi Tunu alimuuliza Mwanakheri, mke wa Omari Kidege, asubuhi ya Idi, amesimama mlangoni kwake na ungo wa mchele uliokwisha kupetwa. Na hapo ndipo ilipotoka methali mliyoisikia jana mkaja kuniuliza: Mwazima vyungu vya mtaa, mtaa wote mgeni wake. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga wa zamani sana. Si kweli. Ni ya hapa hapa Ngamiani, na chanzo chake nakijua, maana sufuria yangu nayo ilikuwemo.

Wakati ule sikuwa nimemaliza mwaka tangu niolewe na babu yenu, Mola amrehemu. Sufuria kubwa nilikuwa nayo moja tu, ya harusi, chini nimeitia doa la rangi ya kucha. Kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa na alama yake. Huyu herufi, huyu matundu mawili ya msumari ukingoni, Mama Anjela msalaba. Tulitia alama kwa sababu sufuria za mtaa ule hazikukaa nyumbani. Leo zina hitima huku, kesho zina maulidi kule, na mwisho wa mwezi kila moja inarudi kwa mwenyewe na ndizi mbili ndani, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Mwanakheri alikuwa mwanamke wa haya, mwenye mikono ya kazi, lakini wasiwasi ulimtawala. Akisikia hodi tu, huanza kuficha ndala zilizo mlangoni. Aliishi na mama mkwe wake, Bi Zuhura, aliyekuwa ameingiwa na ukungu machoni lakini ulimi wake haukuwa na ukungu hata kidogo. Walipendana wale. Mwanakheri alifiwa na mama mzazi akiwa mdogo, na Bi Zuhura ndiye aliyemkanda maji ya moto katika uzazi wake mara zote nne. Ukipita pale jioni utawakuta wanachambua mchicha, mmoja anacheka, mwingine anakana kuwa hakusema lililomchekesha mwenzake.

Shida ilikuwa Salama. Huyu alikuwa binti mkubwa wa Bi Zuhura, dada yake Omari, yaani wifi yake Mwanakheri. Aliolewa Dar es Salaam na mtu mwenye cheo, na kila alipokuja Tanga alifikia kwa rafiki yake, mtaa wa Raskazone, kisha ndipo anakuja kutusalimu. Idi ya mwaka uliotangulia alikuja Idi Pili, alasiri, bila kutoa habari. Chakula kilikuwa kimekwisha. Mwanakheri akampashia wali wa jana na dagaa. Salama akala vijiko vitatu, akanawa, akasimama mlangoni akasema, "Kumbe mama yangu anaishi kwa viporo."

Mwezi wa Shaaban ikaja barua. Salama alimwandikia kaka yake kuwa safari hii atakuja Idi Mosi yenyewe, saa tano, na akikuta hali ndiyo ile ile, basi anamchukua mama yake siku hiyo hiyo akakae naye Dar es Salaam, mahali ambapo mgeni anapata sahani. Omari alikuwa na sauti kubwa kwa kila mtu isipokuwa kwa dada yake. Aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Basi tutaona." Mwanakheri alilia siku mbili.

"Usilie," Bi Zuhura akamwambia. "Mimi si kabati la kuhamishwa."

Lakini Mwanakheri alijua, na sisi wote tulijua, kwamba mtoto mkubwa akimtaka mama yake mbele ya watu, na nyumba ikawa imeaibika, itakuwa vigumu kumkatalia.

Siku zile redioni kulikuwa na mama mmoja akifundisha mambo ya nyumbani, na alisema kuwa mwenye kuandaa sikukuu mapema hahangaiki. Mwanakheri aliyashika maneno hayo kama dawa. Akachukua daftari la mtoto wake la hesabu, akaligeuza nyuma mbele, akaandika kila siku na kazi yake. Siku hii kusaga viungo. Siku hii kukaanga vitunguu vya birinzi na kuvitia kwenye chupa. Siku hii kununua mbuzi. Kila chakula akakiandikia sufuria yake: ya pilau, ya birinzi, ya mchuzi, ya tambi, ya kaimati, ya maharage ya nazi, mpaka ya kuchemshia mayai. Akasimama mlangoni kwangu na daftari lake akaniambia, "Mwaka huu, shoga, sihangaiki hata kidogo. Siku ya Idi nitakuwa nimekaa najipepea."

Nikamwambia inshallah.

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Tunu akasema, "Dada Tunu, ile sufuria yako ya pilau una kazi nayo wiki hii?"

"Wiki hii tumefunga, nitakuwa na kazi nayo gani? Chukua."

Akachukua mbili. Akaja kwangu, nikampa yangu. Akaenda kwa Mama Anjela, mwanamke wa Kikristo tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, naye akampa bila kuuliza, kwani Idi zote huyu hakuwasha jiko. Sahani za majirani zilimfuata mwenyewe. Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa barabara. Na hakuna aliyemnyima, kwa sababu habari ya barua ya Salama ilikuwa imekwisha kutembea kuliko hizo sufuria, na hakuna aliyetaka Bi Zuhura aondoke.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mimi nilipotoa sufuria yangu nilisema moyoni, nikikwama nitakwenda kwa Bi Tunu, yeye anazo tatu. Bi Tunu, nikaja kujua baadaye, alisema moyoni, nikikwama nitakwenda kwa yule bi harusi, hana watoto, atapikia nini sufuria kubwa. Na wa nyumba ya tatu alimtegemea wa nne, wa nne akamtegemea wa tano. Kila mmoja aliona sufuria moja tu ikitoka, yake.

Mwanakheri hakuwa na nia mbaya. Daftarini alikuwa ameandika kuwa siku ya mfungo wa thelathini, asubuhi, atapika vya kutangulia, kisha alasiri arudishe sufuria zote zisizo na kazi. Nimeliona kwa macho yangu: "Mfungo 30, kurudisha vyombo." Ila mfungo ule wa thelathini haukuja. Jioni ya siku ya ishirini na tisa, tumetoka kufuturu, tukasikia watoto wanapiga kelele barabarani na redio inatangaza: mwezi umeandama, kesho Idi.

Mwezi hauandami kwa daftari la mtu. Mwanakheri alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akaukumbatia ukurasa wake. Kazi ya siku mbili imekuwa ya asubuhi moja. Badala ya kubandika sufuria chache chache kwa zamu, ikambidi azibandike zote kwa pamoja, ndani ya ua, juu ya mafiga na majiko ya mkaa. Na sisi wengine jioni ile nani aliyekumbuka sufuria? Tulikuwa tunapima fitri ya kutoa kabla ya swala, tunapaka watoto hina, tunatafuta kofia zilizopotea tangu Idi iliyopita.

Asubuhi, wanaume wamekwenda kuswali, nikapeta mchele wangu, nikakata vitunguu, nikatoka kwenda kwa Bi Tunu kuazima. Tukakutana katikati ya barabara, kila mmoja na ungo wake.

"Naja kwako," akasema.

"Na mimi naja kwako."

"Mimi nimemwazima Mwanakheri zote mbili, na ya tatu imetoboka."

"Na mimi nimemwazima."

Tukatazamana. Akatokea wa nyumba ya tatu, naye na mchele. Akatokea wa nne. Ukitazama barabara yote, hakuna nyumba iliyofuka moshi isipokuwa moja. Hatukupatana neno. Tuliugeukia tu ule moshi tukaenda.

Ndipo Bi Tunu alipobisha, na Mwanakheri akafungua, macho mekundu kwa moshi, mwiko mkononi, na Bi Tunu akamuuliza lile swali: "Mwenzangu, na sisi tupikie nini?"

"Dada Tunu, nistahimilie mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri watu wanakula, hawabandiki. Nipe sufuria yangu."

"Ina birinzi ndani."

"Basi naibeba na birinzi yake. Sina ugomvi nayo."

"Dada Tunu, wallahi, wifi yangu anakuja saa tano."

"Na mume wangu anatoka msikitini saa mbili na nusu, naye ana njaa ya mwezi mzima."

Nyuma yetu ikasikika sauti ya Mama Anjela akiomba njia. Huyu hakubeba hata punje ya mchele.

"Na wewe?" Bi Tunu akamgeukia. "Hata Idi si yako."

"Idi si yangu," akasema Mama Anjela, "lakini ile pale yenye mchuzi, ukiinua utaona msalaba. Hiyo ni yangu. Nimekuja kukaa nayo."

Mwanakheri akaanza kulia. Alilia bila sauti, machozi yanashuka na mwiko ameushika wima kama mshumaa. Wala hatukufurahi kumwona vile, maana tulikuwa tumekuja na hasira, na hasira ikikutana na machozi haina pa kusimama.

Kutoka ndani Bi Zuhura akauliza, "Nani hao mlangoni?"

"Majirani, mama. Wanataka sufuria zao."

"Wangapi?"

Mwanakheri akatutazama. "Wote, mama."

Tukasikia kicheko. Bi Zuhura alitoka akipapasa ukuta, kanga imemteleza begani, anacheka mpaka anakohoa. "Mwanangu, ulipokuwa unaziazima, ulidhani watapikia nini? Viganja?"

"Nilidhani wataazimana."

"Waazimane nini, na vyote unavyo wewe? Wapishe waingie."

"Mama, chakula ni cha watu ishirini. Salama akija akikuta fujo hii, atakuchukua."

"Salama ni mtu mmoja, na hawa mchele wanao. Wapishe, jua linapanda."

Tukaingia. Kila mwanamke akainama akatafuta alama yake, akaipata, akakaa karibu nayo. Bi Tunu kwenye birinzi, Mama Anjela kwenye mchuzi, mimi nikakuta sufuria yangu ya harusi imepewa kazi ya kuchemsha mayai, nikaona uchungu kidogo lakini sikusema. Utaratibu ukawa huu: chakula cha Mwanakheri kikiiva kinapakuliwa kwenye masinia, mwenye sufuria anaiosha hapo hapo, anabandika mchele wake. Wanaokula wanakula, wanaopika wanapika, na sufuria haipoi. Daftari nililiona chini ya figa moja, limewekwa kulisawazisha.

Wanaume wakatoka msikitini wakakuta nyumba zao zimefungwa. Mmoja mmoja wakaifuata harufu. Babu yenu alifika na kanzu mpya, akanitazama nilivyochuchumaa na masizi usoni.

"Nyumbani hakuna mtu," akasema.

"Tumeifuata sufuria," nikamwambia. "Kaa na wenzako pale, unawe."

Akakaa. Mume wa Bi Tunu akakaa. Watoto wakajaa barazani, wakajaa uani, wakaanza kukaa kwenye ngazi ya jirani. Pilau moja iliungua, moja ilikosa chumvi, moja ilikuwa yangu nami nitasema ilikuwa nzuri. Bi Zuhura aliwekwa katikati ya ua juu ya mkeka, vikongwe wenziwe watatu wamemzunguka, na kila sufuria ilipofunuliwa alipelekewa tonge la kwanza aonje, aseme ni ya nani. Macho hayakuona, lakini hakukosea hata moja. "Hii ya Tunu, iliki nyingi kama mganga." Watu wakacheka, hata Tunu.

Saa tano kamili gari likasimama nje.

Salama aliingia na buibui la hariri na sanduku kubwa la nguo, na kwa jinsi lilivyokuwa jepesi mkononi mwake tulijua ni tupu, limekuja kujazwa. Akasimama mlangoni. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na mwiko ndani ya sufuria. Akajaribu kupita huku, kuna masinia. Kule, kuna watoto. Mwisho akafika alipokaa Mama Anjela, ambaye hakuwa amepata kumwona hata siku moja.

Mama Anjela akainua uso. "Sufuria yako ipi?"

"Nini?"

"Kila mtu hapa amefuata sufuria yake. Yako ipi, nikuonyeshe ilipo?"

"Mimi sina sufuria hapa."

"Basi," Mama Anjela akamsogezea beseni, "wasio na sufuria wanamenya vitunguu. Kaa hapo kwenye kinu."

Salama akalitazama beseni. "Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Sijakuuliza jina, mama. Nimekuuliza sufuria."

Hapo Mwanakheri ndipo alipogeuka akamwona wifi yake, na rangi ikamtoka. Omari alikuwa karibu, naye ghafla akapata kazi kubwa ya kuwanawisha watu mikono, hata waliokwisha kunawa.

"Shikamoo mama," Salama akasema.

"Marahaba mwanangu. Umekuja. Kula."

"Nile wapi? Hakuna pa kuweka mguu. Mama, inuka, nikukusanyie nguo zako, gari liko nje. Niliandika barua, niliwapa muda tangu Shaaban. Mwaka jana viporo, mwaka huu soko. Mgeni anaambiwa amenye vitunguu."

Mwanakheri aliweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye kanga yake, akasema kwa sauti ndogo, "Nguo zake nimezifua jana, wifi. Ziko kwenye kamba chumbani. Kama ndivyo mlivyoamua."

Bi Zuhura hakuinuka. Alitafuta tonge kwenye sahani yake, akalipata, akalila, akatafuna mpaka likaisha. Sisi wote tunamngoja.

"Idi ile niliyokula kwako," akasema, "kulikuwa na meza ya viti kumi na viwili. Tulikaa watu wawili. Mumeo yuko safarini, watoto wako kwa wenzao. Nilikuwa nasikia kijiko changu kinavyogonga sahani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, Salama, sikukosa kitu. Nikauliza jirani yako anaitwa nani, ukasema hujui."

"Mama, hayo si ya kusemea mbele ya watu."

"Wewe umeyaanza mbele ya watu. Leo nimekula pilau za mikono saba, moja imeungua, na sijashiba bado. Sitoki hapa. Mwakani uniulize tena, na mwakani nitakujibu hivi hivi, Mola akinipa uhai. Kwako nitakuja kutembea, na kurudi nitarudi hapa kwa mkwe wangu."

Salama akageuza macho ua mzima, watoto, vikongwe, wanaume na kanzu zao, hata dereva wake mwenyewe, ambaye mtu alikuwa amekwisha kumwita ndani na sasa amekunja mikono ya shati mbele ya sinia la birinzi.

"Na nani aliyewaalika watu wote hawa?" akauliza. "Hebu niambieni. Nani?"

Mwanakheri aliinamisha kichwa. Bi Tunu akatazama sufuria yake. Mimi nikatazama yangu.

"Kawaalika huyo huyo wifi yako," Bi Zuhura akasema. Alikuwa na desturi ya kuita kila kitu cha kupikia chungu, hata kiwe cha bati. "Kawaalika nyumba kwa nyumba, wiki nzima, kwa mikono yake miwili, ila mwenyewe hakujua. Mwazima vyungu vya mtaa, mtaa wote mgeni wake."

Mtu mmoja akacheka, nadhani alikuwa Mama Anjela, kisha ua wote ukacheka, na Mwanakheri naye akacheka huku anajifuta machozi.

Salama hakucheka. Alimtazama mama yake, akamtazama Mwanakheri, akaufunga vizuri ushungi wake. Akapita katikati ya masinia, anainua buibui lisiguse mchuzi, akatoka na sanduku lake tupu.